Kila Shimo la Njia ya Bonga

Salum hakuwa mtu wa kukubali kushindwa mbele za watu, ndiyo maana binti yake Rahma alipoingiza uani pikipiki mpya ya matairi manne, hakusema mashallah. Alisema, "Ina rangi nzuri." Mtu akikisifia rangi chombo cha kazi, ujue amebana jambo kifuani.

Miaka mingi Salum alichukua maziwa kwenye maboma ya wafugaji nyuma ya vilima vya Bonga na kuyashusha kwenye hoteli za chai mjini Babati. Njia ile gari haliiwezi, na pikipiki ya kawaida ikipakiwa madumu hulala chini. Alianza na ya matairi manne nyekundu, ya kupiga kiki, isiyo na gia ya kurudi nyuma. Ukikosea kona unashuka unaigeuza kwa mikono kama unahamisha kitanda. Ilipokufa akaleta ya pili, ya kijani, ambayo watu wa Nangara, mtaani kwake, waliibatiza Tetemeko. Ilikuwa na gia ya nyuma na ubishi wa punda, na Salum aliipenda kupita kiasi. Ndiyo iliyomsomesha Rahma. Ila ilikuwa na tabia moja: ilitikisa. Maziwa yalitoka bomani yakiwa maziwa, yakafika mjini yana mabonge ya siagi.

Wateja wengine walivumilia. Najma, mwenye hoteli jirani na stendi, hakuvumilia hata kidogo.

"Baba Rahma, mimi naagiza maziwa, wewe unaniletea yaliyokwisha sukwa. Chai inaelea mafuta, watu wanadhani sioshi vikombe!"

Basi Rahma akatoa shauri. Pikipiki zote mbili ziende boma moja, zipakie maziwa ya asubuhi moja, zirudi kwa njia moja, na Najma mwenyewe afungue madumu na kuamua. Mpya ikileta maziwa safi, Tetemeko ikakatwekatwe na Romani, mnunuzi wa vyuma chakavu. Ikishindwa, irudi dukani ilikotoka. Salum alikubali upesi, majirani wakisikia.

"Lakini hiyo mpya naiendesha mimi," akasema. "Wewe njia ile huijui vizuri."

Rahma akamtazama kidogo. "Sawa, Baba."

Alichokuwa amepanga yule mzee hakikuwa kizuri, tusimfichie. Njia ya Bonga aliijua shimo kwa shimo. Anayeijua njia namna hiyo anaweza kuyakwepa mashimo yote. Anaweza pia kuhakikisha halikosi hata moja. Wazo la Tetemeko kupasuliwa kwa nyundo lilimkosesha usingizi, na mtu aliyekosa usingizi hana haya.

Kulipokucha walimkuta Naitoti, mama mwenye boma, amekwisha kukamua. Akawagawia maziwa nusu kwa nusu kutoka kwenye vibuyu vyake vilivyofukizwa moshi, akayafunga madumu kwa kamba, kisha akapanda nyuma ya Rahma kwenye Tetemeko, maana alikuwa na safari ya sokoni. Salum akatangulia.

Jiwe la kwanza alilivaa kama aliyetukanwa nalo. Pikipiki ikainua tairi moja, ikalishusha taratibu, ikapita. Salum alikuwa amekaza meno akingoja pigo la kiunoni. Pigo halikuja.

"Bahati tu," akanong'ona.

Akaiingiza kwenye korongo lililovunja ekseli ya ile nyekundu. Springi zikajikunja, zikajikunjua, na madumu nyuma yake hayakutoa hata mlio. Usukani ulikuwa mwepesi mno. Tetemeko ilitaka mabega mawili kuigeuza, hii ilitaka vidole. Na ukimya wake! Alisikia kwale wakiita vichakani. Miaka yote ile hakujua kwamba njia ya Bonga ina kwale.

Akatafuta shimo jingine, na jingine. Kufikia lile bonde la mawe alikuwa hatafuti tena mashimo ya kuiharibia sifa. Aliyatafuta kwa sababu ilikuwa raha. Neno la kusifu likamfika mdomoni, akalimeza.

Kwenye kijito alivuka tope jeusi kama anavuka sebule. Nyuma yake Tetemeko ikanguruma, ikarusha matope hadi kwenye shuka la Naitoti, ikazama. Salum akarudi, akafungua waya ya kuvutia iliyojikunja kwenye winchi mbele ya pikipiki mpya, akaifunga kwenye kipenzi chake cha kijani na kukivuta nje. Mpya haikukoroma hata kidogo. Alihisi uchungu na fahari kwa pamoja, akashindwa kujua kipi ni kipi.

Kwa Najma, Romani alikuwa amekwisha fika, amekalia mkokoteni wake na nyundo mapajani. Najma akafungua madumu ya Tetemeko: mabonge ya siagi, makubwa kama mayai. Akafungua ya mpya, akachota kwa kata, akamimina, akachota tena. Maziwa matupu.

Watu wakamgeukia Salum.

"Nimeipitisha kila shimo," akasema. "Kwa makusudi kabisa. Nilitaka ishindwe, imenishinda mimi." Wakacheka, naye akacheka kidogo. "Romani, chukua chuma chako."

"Ngoja kwanza!" Naitoti alikuwa ameonja siagi kwa kidole. "Mimi kila siku nasuka kibuyu mpaka mabega yanawaka moto. Leo nimekaa tu juu ya hii kitu, siagi imejisuka yenyewe. Na nyinyi mnataka kuikata? Baba Rahma, ikisimama huku imewashwa inatikisika?"

"Ikisimama ndiyo inazidi, Mama!" Salum akasema, macho yakimng'aa.

"Basi nipe mimi. Nitafunga vibuyu vyangu pale nyuma, niiwashe, nikae."

Romani akalalamika kwamba ahadi ni ahadi. Salum akamwambia kuna maiti ya ile nyekundu nyuma ya jiko lake, akaichukue yote na kutu yake. Romani akaona si haba.

Katika kelele zote hizo Rahma hakuwa akitazama pikipiki yoyote.

"Baba, umeshuka mwenyewe," akasema.

"Nishushwe na nani?"

"Kila siku tunakushusha watu wawili. Halafu jioni Mama anakukanda mpaka unalala."

Salum akajishika kiuno. Alikuwa amesimama wima, na hakukumbuka ameanza saa ngapi. Akayatazama yale mabonge ya siagi kwenye dumu. Kama maziwa yalifanywa vile kwa safari moja tu, mgongo wake kwa miaka yote hiyo ulifanywa nini?

"Mimi nilidhani umeinunua kwa ajili ya maziwa ya Najma," akasema polepole.

"Maziwa ya Najma hayakunizaa, Baba."

Salum akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Alipoinuka, macho yake mekundu, akaipigapiga ile pikipiki mpya kwenye tangi na kusema mashallah, kwa sauti ambayo hata stendi waliisikia.