Mtani Aliyelala Kaburini

Jailos aliruka kaburini kabla jeneza halijafika, akalala chali na kukunja mikono kifuani kama maiti iliyoshiba.

"Sitoki," akasema.

Waombolezaji wakacheka. Hakuna aliyeshangaa. Jailos ni Mhehe, marehemu alikuwa Msangu, na hapa Ubaruku mtani akishaingia kaburini hatolewi kwa nguvu. Hutoka akipewa anachotaka. Wengi huridhika na jogoo.

Jailos hakufuata jogoo. Kule bondeni, kwenye kona ya mto, lilibaki dimbwi moja tu, na ndani yake kambale na perege wazazi wote waliosalia. Yeye ndiye kiongozi wa walinzi wa dimbwi hilo. Tangu kiangazi kianze, wavuvi walikubaliana: hakuna wavu, hakuna ndoano, hakuna chandarua, mpaka mvua inyeshe na samaki watoke wakatage kwenye mbuga. Wazazi wakifa, mwakani kijiji kizima kitakula ugali kwa kuutazama mto. Sasa maji yalikuwa ya magotini. Perege walihemea juu kama walevi, na korongo walishajipanga ukingoni kama wageni wa harusi ambao hawakuchanga.

Ufunguo wa geti la mfereji, lililozuia maji yasishuke mtoni ili yaende mashambani, alikuwa nao Eliezeri, mwenyekiti wa wakulima wa mpunga. Jailos alishamwendea mpaka akachoka. Jibu lilikuwa lile lile: "Samaki wako wanalima wapi, niwape zamu ya maji?"

Na aliyekuwa anazikwa leo ni baba yake Eliezeri.

"Mtani, toka," Eliezeri akasema, akiinama juu ya shimo. "Chukua jogoo."

"Jogoo anaogelea?"

"Basi chukua wawili."

"Fungua geti, Eliezeri. Maji yashuke mtoni mpaka kesho asubuhi."

Kicheko kikakatika.

"We mla mbwa! Maji ya mpunga ndiyo unayafanyia utani?" Eliezeri akafoka, akimtupia kejeli ya kale kwamba Wahehe hula mbwa.

"Mbwa mwenyewe tunamshushia na kambale. Unataka tubaki na mbwa mkavu?"

Hapo ndipo Jailos alipogundua kuwa amelala kwenye njia ya siafu. Mmoja alipanda ndani ya suruali bila haraka, akafika mahali ambapo hata mke wa Jailos hubisha hodi kwanza. Akauma. Akaita wenzake. Jailos akakaza meno. Akitoka sasa, utani umekwisha, na samaki nao wamekwisha.

Katekista alitazama saa. Bibi Matilda, dada wa marehemu, akapaza sauti iliyofika hadi kwenye mashine za kukoboa mpunga:

"Eliezeri! Kaka yangu kala kambale maisha yake yote, geti hajawahi kula! Anaungua na jua hapa. Mpe huyu mshenzi maji, tuzike!"

Eliezeri alitazama huku na huku, akaona hana wa kumtetea. Akamtupia ufunguo Anord, mlinzi wa geti. "Kafungue."

"Sitoki mpaka Pendo apige simu," Jailos akasema. Pendo, mkaanga samaki, alikuwa ameachwa dimbwini kufukuza korongo.

Wakasubiri. Kwaya ikamaliza nyimbo zote za msiba, ikaingia za Krismasi. Siafu nao hawakupumzika. Mwishowe simu ikalia mfukoni mwa Jailos, akaweka sauti kubwa.

"Yamefika!" Pendo alipiga kelele. "Perege wamezama! Korongo wanatukana!"

Jailos aliruka kutoka kaburini kwa kasi iliyowafanya akina mama wapige mayowe, akakimbilia nyuma ya kichaka huku akifungua mkanda.

Baada ya mazishi kulikuwa na wali na maharage. Eliezeri alikuja akaketi karibu naye.

"Maji umepata. Sasa toa kambale watatu tu, kwa heshima ya mzee. Alikuwa anawapenda."

Jailos alitazama sahani yake. Mzee alikuwa anawapenda kweli. Mate yakamjaa mdomoni, akayameza.

"Mvua inyeshe kwanza."

"Nimekupa maji, wewe!"

"Umewapa wao. Mimi umenipa siafu."

Eliezeri akajitahidi asicheke, akashindwa. "Ukifa, naingia kaburini mwako. Sitoki mpaka maji yangu yarudi."

"Karibu sana," Jailos akasema, akijikuna. "Ila njoo masika, mtani. Kaburi litakuwa limejaa maji, utavua mwenyewe."