Vishindo vya Dabke

...na mguu ni wa kushoto, mwalimu amesema kushoto, mbona Ghalib anatanguliza wa kulia, ataanguka, ataangusha mstari mzima, watu wazima kumi na mmoja wenye ulemavu wa akili kama yeye, wameshikana mikono katika ukumbi huu wa mji wa Irbid, Jordan, Rasmia, mama yake, akanyanyuka kitini, akaketi tena... "Mama, usinitazame!" Ghalib akapaza sauti huku akicheza, "ukinitazama nakosea!" wenzake wakaangua kicheko, na mwalimu Maysun naye akamwambia, "Umm Ghalib, mama yangu, hebu geukia ukutani, tuachie ngoma yetu ya dabke," akageuka, afanyeje, moyo ukimdunda kushinda ngoma, kama kwenye harusi ile ya binamu yake, miaka kumi sasa, Ghalib alipojichomeka kwenye mstari wa wanaume nao wakamwachia mikono, wakatoa simu, wakampiga picha akirukaruka peke yake, anacheka, anadhani wanamshangilia, Rasmia akamvuta hadi nje na kumwambia wewe hujui kucheza... alisema hivyo, kwa kinywa chake... moja, mbili, tatu, kishindo kimoja kimechelewa, ni chake, bila shaka ni chake, na yeye mama keshafika miaka sabini na mbili, kifua kinambana kila asubuhi, akifumba macho nani atamkumbusha dawa, nani atamshika mkono barabarani, kishindo kikachelewa tena, Mungu wangu, sasa watamcheka... "Samahani, Mwalimu, ni mimi," sauti ya mwanamke, ni Itaf, mwenye miwani minene, si Ghalib, "miguu yangu haisikii," na mara sauti ya mwanawe, taratibu, sauti asiyoijua, "Nifuate mimi, Itaf, usiogope, nimekushika," nani kamfundisha maneno hayo, si yeye, yeye alimfundisha usiguse, usitoke, ningoje hapahapa... vishindo vikaja kwa pamoja, sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyake, na hofu haikumtoka, iligeuka tu ikamshika kwingine, miaka thelathini na minane akiogopa kwamba Ghalib hawezi, na kama aliweza, kama aliweza tangu zamani, "Tena, kutoka mwanzo!" Maysun akapiga makofi, ngoma ikaanza upya, Rasmia bado kaukodolea macho ukuta, anahesabu harusi, ya Samir, ya Lubna, ya jirani wa ghorofa ya chini, harusi ngapi, harusi ngapi alimfungia mlango akamwambia nje kuna mvua...