Utepe Kwenye Nyasi za Mzee Ndaki

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mbuga, na Edson alikuwa amelala chini yake, kifudifudi, viwiko vimezama kwenye tope na darubini i machoni. Hakutakiwa kuwa pale. Sendofu ya mchumba wake, sherehe ya kumuaga kwao, ilikuwa imekaribia, na bwana harusi mwenye adabu hazururi ukweni siku hizo kama mbuzi aliyekata kamba. Lakini kila alfajiri miguu ilimtoa nyumbani kwa rafiki yake pale Nyahanga, ikampitisha mashamba ya mpunga, ikamleta kwenye ngitili ya baba mkwe wake, mzee Ndaki.

Ngitili ile ilikuwa pori la nyasi ambalo mzee alilifunga masika yote, ng'ombe wasitie hata ukwato, ili kiangazi kikikaza wapate cha kula. Katikati yake kulikuwa na kibwawa. Katikati ya kibwawa, juu ya kitanda cha matete yaliyolazwa, korongo taji alikuwa ameatamia. Jua lilipochungulia, taji lake liliwaka kama makapi ya mpunga yanayopeperushwa mchana, na Edson alisahau kupumua.

Alimgundua siku ya kupeleka mahari. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wakibishana juu ya dume mmoja mwenye pembe iliyopinda, mara sauti ikaja kutoka mbugani, kama tarumbeta inayojaribiwa na mtu mwenye haya. Moyo wa Edson ukatoka kikaoni bila kuaga. Akaitikia "ndiyo" palipotakiwa kicheko, akacheka palipotakiwa "ndiyo". Wazee wa kwao Kalangalala walimwangalia wakasema ni mapenzi, na kwa kweli hawakukosea sana.

Vumilia, mchumba wake, alijua. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na siri za watu wazima aliziona jinsi alivyoziona za watoto, mapema na bila kushangaa. Alimwomba jambo moja tu.

"Baba usimwambie kwanza. Huku kwetu kuhangaika na ndege ni kazi ya watoto wanaoamia mtama. Atasema nimepata mume anayecheza."

Kwa hiyo mzee alipomuuliza kazi yake, Edson alijibu, "Mambo ya mazingira, baba," akaishia hapo. Jibu lile lilimkera kooni kama mwiba wa samaki tangu siku hiyo. Alitaka mzee amjue jinsi alivyo, na aliogopa kwamba akimjua jinsi alivyo hatampenda.

Simu ikatetemeka kifuani.

"We Edson, uko wapi?" Alikuwa Vumilia. "Fundi wa suti anasema hajakuona. Kiuno chako atakipima kwa ndoto?"

"Niko njiani," alinong'ona.

"Njiani kuna vyura?"

Edson akaziba simu kwa kiganja. Vyura hawakunyamaza.

"Haya. Na shangazi Rebeka anatafuta utepe wa mapambo, ule wa zambarau. Roli imepungua. Anawatuhumu watoto wa jirani."

"Kipande tu, Vumi."

"Edson!"

"Vijana wa kamati ya sherehe watakuja kukata nyasi za kutandaza chini ya turubai. Wakifika kwenye kiota je? Nimechomeka vijiti kuzunguka kibwawa, nikavifunga utepe wavione. Mayai yako karibu kuanguliwa, Vumi. Ukisikiliza vizuri..."

"Sikiliza wewe. Toka huko kabla mtu hajakuona."

Lakini mtu alikuwa ameshamwona. Katika nchi ile ambako dhahabu imewahi kupatikana chini ya banda la kuku, kijana msomi anayenyemelea alfajiri na chombo cha kutazamia, analala chini, anachomeka vijiti na kuvifunga alama, hawezi kuwa anafanya jambo lingine. Mpita njia alimwambia muuza maandazi, muuza maandazi akawaambia wateja wake, na kabla chai haijapoa habari ilikuwa imevimba: mkwe wa Ndaki ameona mawe ya dhahabu.

Edson aliwasikia kabla hajawaona. Kundi la wachimbaji lilisimama kwenye ukingo wa ngitili na sululu, koleo na makarai. Mbele yao alikuwa Nasibu, mtu mpana mwenye kofia ya taa kichwani ingawa jua lilikuwa limetoka. Na mbele ya Nasibu alisimama mzee Ndaki mwenyewe, na koti lake la vikao na fimbo.

Edson akarudi kwao akiwa ameinama, akasimama tope likimchuruzika.

"Shikamoo baba."

Mzee hakuitikia. Kwa mtu wa kule, hilo ni kofi.

"Kijana," alisema taratibu, "umekuja kuoa binti, au kuoa shamba?"

"Baba, si hivyo..."

"Msomi, usituzungushe," Nasibu akadakia. "Alama tumeziona. Sisi hatuna ugomvi, tunataka nafasi ya duara moja tu kila mtu, shimo moja la kuchimba. Mzee atapata fungu lake."

"Hakuna mawe! Kuna ndege."

Kicheko kililipuka. "Ndege! Jamani, anatuamia kama mtama!"

"Ana mayai," Edson alisema. Sauti yake ilipungua yenyewe, kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. "Ni korongo taji. Mkienda wote ataondoka, mayai yatapoa."

"Basi tuonyeshe," mzee alisema.

Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Kundi lile likienda, ukweli wake ungeonekana na kiota kingekufa. Akikataa, kiota kingepona na yeye angebaki mwongo mbele ya mtu ambaye Jumamosi angemkabidhi binti yake. Edson aliangalia sululu, akaangalia matete, akajikuta amepiga magoti.

"Baba, nitakuonyesha wewe peke yako. Lakini lazima twende kwa kutambaa."

Mkwe na baba mkwe hawakai hata benchi moja, sembuse kulala bega kwa bega kwenye matope. Mzee Ndaki aliangalia koti lake. Akalivua, akamtwisha Nasibu kama anayetundika kwenye msumari, kisha akashuka chini goti moja, likalia, na la pili, likalia zaidi.

"Ole wako kama ni uongo," alisema, akaanza kutambaa.

Wakaenda. Nyasi zilifungua njia na kuifunga nyuma yao. Kelele za wachimbaji zikawa mbali, zikawa kama nyuki, zikaisha. Umande uliwalowesha. Ilikuwa kama kuingia ndani ya usingizi wa mtu mwingine, taratibu, usimwamshe. Edson alimpa mzee darubini.

"Naona ukungu tu."

"Zungusha hapo katikati, baba."

Mzee akazungusha. Mkono wake ukakoma.

Korongo alikuwa amesimama juu ya kiota. Akainamisha shingo, na kwa ncha ya mdomo akasukuma yai, polepole, kisha jingine.

"Anayageuza," mzee alinong'ona.

"Yapate joto pande zote."

"Na yule kule?"

"Mwenzake. Wanapokezana."

Mzee Ndaki hakuitoa darubini machoni. Tone la umande lilining'inia kwenye kidevu chake, asilifute.

"Nilipokuwa mdogo hawa walijaa hapa," alisema hatimaye. "Tulipokata miti na kuichosha ardhi, wakapotea. Nilidhani wamekwisha. Mimi nilifunga ngitili kwa ajili ya ng'ombe."

"Nao walidhani umewafungia wao."

Mzee akatikisika mabega. Edson alidhani ni kikohozi; kilikuwa kicheko.

"Kwa nini hukuniambia ndiyo kazi yako, ng'wana wane, mwanangu?"

"Niliogopa utaniona mtoto."

"Mficha uchi hazai," mzee alisema, macho bado kwenye darubini. Kisha, kama aliyekumbuka deni, akaongeza, "Marahaba."

Waliporudi, Vumilia alikuwa ameshafika akihema, kitambaa kichwani juu ya vibanio vya nywele, na roli ya utepe mkononi. Uvumi ulikuwa umemfikia, naye alikuwa amekwisha kuwaeleza wachimbaji utepe ulikotoka. Nasibu alishika kipande kilichotoka kwenye kijiti cha ukingoni, akakilinganisha na roli, akakisugua kwa kidole gumba kama anayepima mchanga.

"Ni wenyewe," alikiri kwa huzuni. "Mapambo ya harusi!"

"Kuna nini huko, mzee?" wenzake waliuliza.

"Kuna mama mzazi," mzee Ndaki alisema, akichukua koti lake. "Na atakayemkanyagia uzazi wake, mimi na yeye."

Vumilia akakata utepe, akaufunga kwenye mpini wa sululu ya Nasibu, fundo la kipepeo kabisa. "Jumamosi mje kula. Ila msipitie mbugani."

Siku ya sendofu nyasi za kutandaza zilitoka kwa jirani, na kwa amri ya mzee spika zote zilielekezwa barabarani. Suti ya Edson ilimbana kiunoni, maana fundi alipima kwa ndoto kweli. Wakati wa nasaha mzee Ndaki alisimama na kipaza sauti, turubai zima likatulia, shangazi Rebeka akaandaa leso. Mzee akamsogelea mkwe wake, akainama sikioni, akasahau kwamba kipaza sauti kiko wazi.

"Yameanguliwa?"

Wageni wote wakasikia.

"Bado, baba. Labda kesho."

"Basi kesho alfajiri unipitie."

Vumilia alikuwa ameziba mdomo kwa shada lake la maua, mabega yakitikisika. Na kutoka mbugani, katika kimya kile kidogo kabla ya vigelegele, ikaja sauti ya tarumbeta yenye haya.