Mvua Haina Macho

Mwaka wa kuhamia vijijini kwa amri ya serikali, Gaudensi, mgambo wa kwetu, aliezua paa letu ili tusirudi. Jioni ile mvua ya kwanza ilitunyeshea tukiwa njiani kwenda kijiji kipya. Mama yangu, Luciana, alimwambia, "Mvua haina macho, Gaudensi. Wewe unayo. Umeishinda mvua kwa ukatili."

Tangu hapo, kila tuliposali Baba Yetu, mama alinyamaza kwenye maneno ya kusamehe. Mimi na mdogo wangu tulimalizia peke yetu.

Kilichomuumiza zaidi ni matuta ya mviringo ambamo alikuwa amefukia nyasi katika shamba letu la zamani, ili zioze ziwe mbolea. Yasipotawanywa mapema, ulezi haupandwi, nasi tutalala njaa. Mguu wake ulikuwa umevimba, lakini asubuhi moja tulibeba majembe tukaenda.

Tulikuta nusu ya matuta yameshatawanywa. Gaudensi alikuwa analima, mvua ikimchapa mgongoni.

"Shikamoo, mama."

Mama aliinama, akachota udongo mweusi kiganjani.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Siku ile nilitumwa. Leo nimekuja mwenyewe."

"Unatawanya vibaya. Unarundika upande mmoja kama fuko."

Gaudensi akacheka. "Basi nifundishe, mama."

Tulilima pamoja hadi mvua ikakatika. Mama akampa kibuyu cha togwa, anywe wa kwanza.

Jioni tukasali. Mama alipofika kwenye kusamehe aliendelea nasi hadi Amina.