Tumbo la Bwana Kimya

Bwana Kimya alikuwa amemeza kijiko cha tatu cha supu ya viazi pale tumbo lake lilipoomba mkasi.

Lilisema mara moja tu, kwa sauti ya kiume iliyozoea kutiiwa, kisha likanyamaza. Bwana Kimya akaweka kijiko chini. Mkewe, aliyekuwa akikata mkate upande wa pili wa meza, akamtazama mumewe usoni, akamtazama tumboni, akauliza kama supu imekosa chumvi. Akajibiwa kwamba chumvi inatosha. Kijiko cha nne kilipoingia, tumbo likaendelea pale lilipoishia: "Si huo. Ule mdogo."

Ilikuwa wiki ya pili tangu atolewe kidole tumbo katika hospitali kuu ya mji. Alirudi nyumbani na kovu zuri na maumivu mabaya. Daktari mpasuaji alimwambia kwamba maumivu hayo ni ya kawaida, yatakwenda zake yenyewe. Hayakwenda. Bwana Kimya hakulalamika, maana kulalamika kulimtaka mtu apandishe sauti, na yeye alikuwa mkutubi wa maktaba ya mji. Jina la utani alipewa na watoto wa shule kwa sababu ya neno alilowaambia kila siku, kidole mdomoni. Mkewe alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na yeye ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba ya wote wawili.

Bakuli lilipokauka walikuwa wamekwisha kuusikia upasuaji wote. Sauti ilikuwa ya daktari mpasuaji, mkewe aliitambua. Iliagiza vifaa, ikamkemea mtu juu ya taa, halafu ikaingia kwenye habari za nyumba anayojenga. Fundi wake wa ujenzi, lilisema tumbo, alijenga stoo akaacha toroli ndani, na sasa mlango ni mwembamba na toroli halitoki. "Mtu mzima na akili zake anafunga ukuta bila kutazama ameacha nini nyuma yake." Hapo ikaingia sauti ya mwanamke, ya upole, kama ya mtu anayeogopa kukatiza mazungumzo.

"Daktari, kitambaa kimoja hakionekani."

"Tazama kwenye ndoo."

"Nimetazama. Hakimo."

"Basi mlihesabu vibaya mwanzoni. Funga."

Baada ya hapo tumbo lilinguruma kidogo, kama matumbo ya watu wengine.

Mkewe hakuwalaumu kwa kupiga domo kazini. Mikono ikishapata kazi yake, ulimi nao hutafuta yake. Ndani ya saluni ile ndoa za watu zilikuwa zimefungwa na kuvunjwa kati ya msuko mmoja na mwingine. Lakini yeye hajawahi kumwachia mteja kitana kichwani, na kama angemwachia, mteja angekiona kwenye kioo. Tumbo halina kioo. Akakusanya vyombo, akamwambia mumewe kwamba kesho hakuna maktaba wala saluni, ni hospitali moja kwa moja. Mumewe akasema pengine wangewapa muda kwanza, watu wale wana shughuli nyingi. Mkewe akamjibu kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwamba yeye hana nia ya kuwa mjane kwa sababu ya adabu.

Walikwenda na mkate kwenye mfuko, ili tumbo lipate cha kusemea. Daktari mpasuaji alisikiliza mwanzo hadi mwisho, mikono kifuani. Akasema sauti ile kweli ni yake. Akasema pia kwamba tumbo linalosema baada ya chakula ni suala la chakula, kwa hiyo waende kwa daktari wa tumbo, korido ya pili.

Daktari wa tumbo alimpitishia Bwana Kimya mpira wenye kamera kooni, akaangalia kila kona, akasema utumbo ni msafi na hauna cha kusema. Sauti inatoka nje ya utumbo, ikipitia kwenye ngozi. Hata hivyo alipiga picha, na kwenye picha kitambaa kilionekana wazi kabisa, kimekunjwa, pembe moja imeinuka. Daktari wa tumbo aliiinua picha kwenye mwanga akaitazama kwa muda. Kisha akaandika chini yake kwamba kuna kivuli, chanzo hakijajulikana, akawaelekeza kwa daktari wa ngozi.

Daktari wa ngozi alikuwa mama mchangamfu aliyependa kazi yake. Aliona kwamba kovu hutikisika sauti ikisema, na hutikisika zaidi kwenye neno "funga". Akampa dawa ya kupaka asubuhi na jioni. Dawa ilifanya kazi vizuri. Kabla yake sauti ilikuwa na mkwaruzo; baada ya siku chache iliondoka mikwaruzo yote, na watu wakaweza kumsikia hata mtu aliyeangusha koleo pembeni mwa chumba cha upasuaji.

Mkewe alijaribu hospitali nyingine. Huko waliwapokea vizuri, wakaulizia afya za watoto, wakasema kesi hiyo wameisikia na ina wenyewe, si vizuri kuingilia kesi ya watu.

Kesi ilikuwa na wenyewe watatu, na kila mmoja aliikataa hadi siku walipogundua kwamba haijawahi kuandikwa katika jarida lolote la udaktari. Tangu siku hiyo kila mmoja aliidai. Ikapangwa kwenye kikao cha madaktari cha kila wiki, ambako wagonjwa wa ajabu hutolewa mbele na kujadiliwa. Bwana Kimya alikalishwa kwenye kiti, shati limefunguliwa, akapewa chai na vipande vya mkate. Alikula kwa aibu, macho chini, kama mtu anayefungua pipi msibani. Tumbo lilisema yote. Ukumbi mzima ulisikiliza, na pale kwenye habari za toroli watu kadhaa walicheka, daktari mpasuaji akiwa mmojawapo. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao.

Mjadala ulikuwa mkali. Daktari wa tumbo alitaka uitwe ugonjwa wa usagaji. Daktari wa ngozi alieleza kwamba bila dawa yake wasingekuwa wanasikia chochote. Mpasuaji aliuliza kwa upole ni nani kati yao aliyelitengeneza kovu. Kuhusu kitambaa, mtu mmoja alisema kwamba sauti inataja kitambaa kama inavyotaja toroli, na hakuna anayedai kwamba toroli limo tumboni. Hoja hiyo ilipokelewa vizuri sana.

Mkewe alikuwa amekaa nyuma. Akasimama. "Samahani, madaktari," akasema. "Hicho kitambaa nani anakitoa?"

Mwenyekiti alimwambia mama kwamba maswali ya ndugu wa mgonjwa yana nafasi yake mwishoni. Mwishoni ilikuwa chai.

Maktabani mambo yalikuwa yameharibika. Bwana Kimya alikuwa akila chakula cha mchana nyuma ya rafu za jiografia, na kila siku saa ya kula tumbo lilipaza sauti kuomba mkasi. Alijaribu kulionyesha kidole mdomoni, kama afanyavyo kwa watoto. Halikujali. Wasomaji hawakukasirika, baadhi walianza kuja saa hiyo hiyo, wakakaa karibu na jiografia. Hilo lilimuumiza kuliko kidonda. Akaacha kula mchana. Kisha akaacha kula asubuhi, maana chai nayo ilikuwa ikimsindikiza hadi kazini. Usiku alikula vijiko viwili vitatu kumridhisha mkewe, akaacha kabla sauti haijafika kwenye ndoo.

Mkewe akimvua shati aliziona mbavu zake. Mshipi ulikuwa umeongezwa matundu kwa msumari. Alimpenda mtu huyu tangu alipokuwa kijana mwembamba asiyeweza kumwambia kondakta kwamba amepita kituo chake, na sasa aliogopa kwamba atamfia hivi hivi, kimyakimya, bila kumsumbua mtu. Alimbembeleza ale. Akamfokea ale. Akamwambia afadhali aishi na kelele kuliko afe na heshima. Bwana Kimya alisema amesikia, akala kijiko kimoja zaidi.

Habari zina miguu mirefu, hasa zikianzia saluni. Jioni moja fundi ujenzi alibisha hodi, kofia mkononi, saruji kwenye kucha. Alisema amesikia kwamba anasemwa katika nyumba hii, naye angependa kusikia kwa masikio yake. Walimkaribisha kiti. Kwa kuwa ni mgeni, na mgeni hakataliwi, Bwana Kimya alikula vipande viwili vizima vya mkate. Fundi alisikiliza ameinamisha kichwa. Sauti ilipofika kwenye ukuta na toroli, alitikisa kichwa taratibu.

"Amesema kweli," alisema fundi. "Sikutazama nyuma."

Mwisho wa wiki alikuwa ameubomoa ukuta wa stoo kwa gharama yake, ametoa toroli, ameujenga upya na kuupiga rangi. Alimwomba radhi daktari mpasuaji mbele ya vibarua wake. Daktari alifurahi mno. Ni furaha hiyo iliyomfanya amwite mkewe Bwana Kimya hospitalini, akamwambia kwamba amemfikiria mumewe, kwamba ni mtu mpole, na kwamba yuko tayari kumfungua tena na kuangalia. Mkewe alilia palepale ofisini. Alimshika daktari mkono kwa mikono yake miwili, akamwita baba, ingawa kwa umri alikuwa mdogo wake.

Siku ya upasuaji alikaa kwenye benchi la korido, mkoba magotini. Hakuzungumza na mtu, jambo ambalo wateja wake wasingelisadiki. Mlango ulipofunguliwa, daktari mpasuaji alitoka akivua kofia yake ya kijani, uso umetulia.

"Kila kitu kimekwenda salama, mama," alisema.

"Na kitambaa?"

"Tumefanya yote yaliyotakiwa kufanywa."

Lilikuwa jibu zuri, na mkewe alilipokea kama lilivyo. Alimshukuru, akawashukuru wauguzi, akamshukuru na mfagizi aliyekuwa akipita.

Bwana Kimya alirudi nyumbani na kovu la pili lililolala sambamba na la kwanza. Alisema maumivu yapo, lakini hayo lazima ni ya kidonda kipya. Mkewe alifunga saluni mapema, akapika supu ya kuku, akaichuja mara mbili, akaweka meza kama ya wageni. Alimnywesha kijiko cha kwanza kwa mkono wake. Walisubiri. Tumbo halikusema. Wakanywa cha pili, cha tatu. Kimya. Mkewe alianza kutabasamu, na Bwana Kimya akachukua bakuli mwenyewe, akanywa kwa njaa ya miezi, mpaka nusu.

Kwenye nusu ya bakuli, tumbo lilikohoa.

"Hiki hapa," lilisema, kwa sauti ya daktari, safi na ya karibu.

"Kumbe ni kweli," ilisema ile sauti ya upole. "Nilete sinia?"

Vyuma viligongana.

"Tukikitoa," ilisema sauti ya daktari, "itabidi tuseme kilikuwemo."

"Ni kweli, Daktari."

"Na hapo kilipo kimetulia. Hakimsumbui mtu. Funga."

"Vitambaa vya leo vyote vimetimia, Daktari. Hiki cha zamani nikihesabu?"

"Hicho si cha leo."

Kisha ukasikika uzi ukivutwa, pole pole, kwa kazi nzuri, mpaka mwisho.

Mkewe alikuwa bado ameshika mwiko. Alitaka kulia, na alitaka pia kuondoka na mwiko huo huo hadi hospitalini, na moyo wake haukujua uanze na lipi. Alimtazama mumewe. Bwana Kimya alifuta midomo kwa kitambaa cha meza, akafikiri kwa muda, kwa haki, kama alivyofikiri juu ya kila kitabu kilichochelewa kurudishwa.

"Safari hii wamehesabu," alisema.

Alisema kwa shukrani ya kweli, na shukrani hiyo ndiyo iliyomuuma mkewe kuliko yote aliyoyasikia. Akachukua bakuli lake, akamwongezea supu.