Wanawake Waliolala Gatumba

Siku ya kikao, Sijaona aliunyoosha mkono kama wenzake, tena haraka kuliko wote. Walikuwa wanawake saba sebuleni kwa Mama Olga, mtaa wa Mutanga Sud, kamati nzima ya umoja wa wanawake wachuuzi. Swali lilikuwa moja: nani anakubali Tuzo ya Mtetezi wa Haki za Mwanamke apewe Mheshimiwa Maxime, mbunge wao? Mikono saba ikapanda. Mama Olga, mwalimu mstaafu, akaihesabu kwa kalamu kama aliyerudi darasani, akaandika.

Sijaona hakuwa mnafiki. Miezi mitano nyuma binti yake Amira alitokwa na damu nyingi akijifungua, na kilichomwokoa kilikuwa chumba kipya cha wazazi kwenye zahanati, ambacho Maxime alikipigania mpaka kikajengwa, hatua chache kutoka kwao Buyenzi. Amira alikuwa hai, na mtoto alikuwa hai. Mkono ungekataaje kunyooka?

Kesho yake akaenda Ngagara kwa Namegabe, kumwalika kwenye sherehe ya tuzo. Namegabe alikuwa Mkongomani, mkimbizi wa vita, muuza ndagala aliyeishi na watoto watatu katika chumba cha kupanga. Alimsikiliza mgeni wake huku akichambua dagaa zake kwenye ungo.

"Mama Olga anataka wachuuzi wa mpakani mukae mbele," Sijaona alimwambia. "Muvae kitenge kimoja. Mi nitawashonea."

"Tuzo ya nini, Mama Amira?"

"Ya kutetea haki ya wanawake."

Mikono ya Namegabe ikasimama. "Ni ule Maxime wa kwenye redio?"

Sijaona akaitikia kwa kichwa.

"Nitakuja, kama ni we unaniomba. Lakini mukiniweka mbele, macho nitaangalisha wapi?"

Hakulalamika. Alimtengenezea chai, wakanywa, wakazungumza habari za watoto. Sijaona angependa kutukanwa kuliko kuulizwa vile.

Miaka kadhaa nyuma, mwaka wa mafuriko, maji yaliikata barabara, na wanawake kumi na tisa waliokuwa wakirudi kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, wakakwama Gatumba siku mbili. Sijaona, fundi cherehani, alikuwemo na furushi lake la vitenge, na Namegabe pia. Walilala ndani ya darasa, wawili wawili juu ya madawati yaliyounganishwa, maji yakipita chini. Wiki iliyofuata Maxime, wakati huo hajawa mbunge, aliulizwa redioni kuhusu wanawake hao. Akacheka. "Mwanamke mwenye adabu halali mpakani," alisema. "Waliolala huko wanajua walichokuwa wanauza."

Mji ukacheka naye. Musafiri, mume wa Namegabe, hakucheka. Alizitupa nguo za mkewe uani. Wala hakuwa mume pekee aliyefanya hivyo.

Sijaona alikuwa mjane, hakuwa na wa kumfukuza. Alijiambia maneno ni upepo, yatapita, akanyamaza. Sasa, akirudi Buyenzi kwa miguu, aliona mambo mawili kwa pamoja: mara ya kwanza alinyamaza, na mara ya pili akanyoosha mkono.

Alirudi kwa Mama Olga.

"Shukrani ya punda ni mateke," Olga alisema baada ya kumsikiliza. "Binti yako leo angekuwa kaburini."

"Najua. Kila nikibeba ule mutoto, najua. Shukrani tumupe, Mama Olga. Tumuchinjie mbuzi, tumwimbie mpaka sauti ikauke. Lakini hii karatasi ya tuzo inasema haki. Haki ya nani?"

"Ya wanawake."

"Namegabe si mwanamke?"

Olga alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge. "Unafikiri mi sikusikia ile redio? Nilisikia. Lakini sisi tunataka soko lenye paa. Mutu wa kiburi, ukimuonyesha kosa, anakuwa adui. Ukimusifu, anajilazimisha kufanana na sifa."

Sijaona aliona neno hilo si la kipumbavu. Aliwahi kuona watoto wakilelewa hivyo na wakawa watu wema. Lakini mtoto halelewi kwa mgongo wa jirani.

"Basi aseme kwanza kwamba alikosea," akajibu. "Pale pale redioni."

Olga alikubali kufikisha ujumbe. Siku ya tatu jibu likaja kwa simu ya msaidizi: Mheshimiwa hakumbuki maneno hayo, na angependa kujua huyo mama anayeuliza ni nani.

"Sikumutaja jina," Olga alimnong'oneza Sijaona. "Siku ya sherehe useme unaumwa, yaishe."

Sijaona alikwenda nyumbani, akachana karatasi kwenye daftari la vipimo vya wateja, akaandika: *Mimi Sijaona binti Massoudi, fundi wa Buyenzi, nilikuwepo Gatumba. Tulikuwa kumi na tisa. Tulilala juu ya madawati, maji yakipita chini. Hakuna aliyeuza kitu. Kwa chumba cha wazazi nasema asante. Kwa tuzo ya haki, mkono wangu nimeushusha.*

Barua ilisomwa kwenye kamati. Wanawake wawili waliushusha mkono pamoja naye, lakini wanne walibaki, na wanne walitosha. Tuzo ikatolewa, ukumbi ukajaa, Maxime akamshukuru mama yake mzazi, watu wakalia. Sijaona siku hiyo alishinda kwenye cherehani. Wiki hiyo wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa, bila kueleza sababu. Amira alipompeleka mtoto chanjo kwenye kile chumba cha Maxime, alipokelewa vizuri kama kawaida, na Sijaona akakiri moyoni kwamba alifurahi, tena sana.

Mtu mmoja alikuwa ameipiga picha barua, nayo ikawa inazunguka kwenye simu. Ndivyo ilivyomfikia Musafiri. Alasiri moja alisimama mlangoni kwa Sijaona, simu mkononi.

"Ni we uliandika, mama?"

"Ni mimi."

"Na Namegabe alilala wapi?"

"Dawati moja na mi. Alikuwa anatetemeka baridi, tukajifunika kitenge changu."

Musafiri aliegemea mwimo wa mlango. "Mbona haukuniambia wakati ule?"

Sijaona alikuwa na jibu kali tayari, kwamba alimfukuza mkewe bila kumsikiliza. Akalimeza. "Niliogopa," akasema. "Nilikosa."

"Unisindikize kwake."

"Apana. Enda mwenyewe. Hodi upige mwenyewe."

Alikwenda. Yaliyosemwa huko Sijaona aliyasikia kwa Namegabe baada ya siku kadhaa. Namegabe alimpa Musafiri kiti, akamwacha aseme mpaka amalize. Kisha akamruhusu awe anakuja Jumapili kuwaona watoto.

"Nikamuambia, mi nilikuwa na ulimi. Haukuniuliza," Namegabe alisema.

"Na kumrudia je?"

"Sijui bado," Namegabe akasema. "Na mutu asinisukume."

Sijaona hakumsukuma. Alikaa naye mpaka watoto waliporudi kutoka shule.