Mferejini Wapi?

Yule bwana wa manispaa alisema mfereji wetu umekufa. Alilisema mbele ya watu, kipaza sauti mkononi, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. "Mfereji huu umekufa. Jumatatu tunaufukia, tunajenga maegesho ya magari."

"Umekufa?" nikamuuliza. Mimi ni msusi, na mdomo wangu haujawahi kunyamazishwa na suruali ya mtu. "Basi sisi ndio wafiwa. Tangu lini mgeni akazika maiti ya watu bila kuwauliza wenyewe?"

Watu wakaangua kicheko, na tangu siku ile kundi letu likaitwa Wafiwa. Mkubwa wa Wafiwa ni mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu aliyewafundisha Kiswahili nusu ya watu wa mtaa huu, na mpaka leo anawasahihisha sokoni. Kila Jumamosi alishuka na viatu vya mpira vya marehemu mumewe, akatuongoza kutoa tope. Tulitoa magugu, matairi, magodoro, hata friji na mlango wake. Hakuna aliyetutuma. Na msidhani tulikuwa wendawazimu! Mfereji ulipoziba, maji ya mvua yalikosa njia, yakawa yanaingia saluni kwangu bila kupiga hodi. Nimeshasuka mtu huku mimi na yeye tuko juu ya meza. Halafu mtu aje aniambie habari za maegesho.

Tulibakiza kitu kimoja tu. Karibu na mlango wa maji, ule wa chuma ambao fundi mchomeleaji aliuunda upya kwa vyuma vya vitanda, ukingo ulikuwa umebomoka, pengo la kupita ng'ombe. Kila tulipofungulia maji, yalitorokea hapo yakaishia uwanja wa mpira. Tulijaza udongo kwa makarai, ukasombwa. Tukajaza tena, ukasombwa tena.

"Hapa panataka lori zima kwa mpigo," alisema fundi, "tena udongo wa mfinyanzi. Haya ya karai karai tunayalisha maji tu."

Lori tungelitoa wapi? Kumbe lori liko nyumbani kwangu. Mume wangu ni dereva wa tipa. Watu wanamwita Breki, kwa sababu hakuna jambo asilolikanyagia breki kwanza, kunioa kukiwemo. Jumapili jioni akaniambia, macho kwenye sahani, kwamba kampuni yake ndiyo iliyopewa kazi ya kufukia, na tipa lake ndilo litakalotangulia.

"Utamfukia mama yako?" nikamuuliza.

"Mama atatoka tu. Kazi ni kazi, mke wangu."

"Na saluni yangu?"

"Kwani mimi ndiye niliyeamua?"

"La hasha, wewe ni usukani tu. Basi nenda kalale na tipa lako."

Akalala sebuleni. Niliumia, sitaficha. Nilikuwa nampenda mtu huyu hata saa ile, ndiyo maana hasira ilinichoma vile.

Jumatatu asubuhi tulishuka, Wafiwa wote. Fundi alikaa juu, kwenye gurudumu la mlango wa maji. Mama mkwe akasimama katikati ya mfereji, mimi ubavuni mwake, tope limetufika magotini. Matipa matatu yakaja kwenye kijia cha ukingoni, la Breki mbele. Lake likalipita pengo, likasimama. Mengine yakangoja nyuma.

"Tokeni!" akafoka bwana wa manispaa. "Mfereji umekufa!"

"Mbona unapumua?" nikamjibu. "Shuka na suruali yako uupime mapigo!"

Akanipa mgongo, akamgeukia dereva. "Wewe unangoja nini? Mwaga! Mwaga mferejini!"

Breki akachungulia dirishani. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Miguu sikuisogeza.

"Mferejini?" akauliza.

"Mferejini! Una matatizo ya masikio?"

"Mama, umesikia? Kasema mferejini."

Mama mkwe akainua kichwa. Sauti ilikuwa ileile ya darasani. "Mferejini wapi? Pa, ku, au mu?"

"Hakusema, Mwalimu."

Tipa likaanza kurudi nyuma, pii, pii, pii. Halikuja kwetu. Lilikata kona, matako yake yakaelekea kwenye pengo, bodi ikainuka, na udongo mwekundu wa mfinyanzi, ule unaong'ang'ania viatu, ukaporomoka wote kwa mpigo.

"Umefanya nini wewe!"

"Nimemwaga mferejini, mkubwa. Kama ulitaka mle ndani, ungesema mle."

"Utafukuzwa kazi!"

"Nilishafukuzwa chumbani, mkubwa. Hiyo ndogo."

Akazima injini, tipa limelala njiani kama gogo, akaruka chini na kumrushia mama yake ufunguo. Nyuma, dereva wa pili naye akazima, akasema hana pa kupita. Bwana wa manispaa akawa anapiga simu huku na simu kule, hazipokelewi. Sisi tulishindilia ule udongo kwa makoleo, kwa miguu, na mimi nikaurukia kwa uzito wote niliojaliwa.

"Fungulia!" mama mkwe akamwambia fundi.

Maji yakaja, machafu, yamebeba majani, yakaufikia ule udongo mpya. Udongo ukalowa, ukatoka kijasho kidogo, ukakaa. Maji yakakosa pa kutorokea, yakaanza kupanda. Magoti. Mapaja. Nilipiga kigelegele mpaka koo likakauka.

"Haya rudia," mama mkwe akamwambia mwanawe, aliyekuwa ameshashuka kando yangu na koleo lake. Viatu vya marehemu vilikuwa vimemjaa maji, na mama mwenyewe hataki kutoka. "Darasa zima lisikie. Udongo?"

"Hapa!" Breki akaupiga ukingo kwa koleo.

"Maji?"

Akamtazama yule bwana kule juu, simu sikioni, tope kwenye suruali. "Humu!" akapaza sauti, na Wafiwa wote tukaitikia, "Humu!"

"Vizuri," akasema Mwalimu. "Kaa chini."

Akakaa. Maji yakamfika kidevuni.